Aliyesimama Kando ya Picha

Mwaka 1935 lori lilitoka Vugiri, katika milima ya Usambara, likiwa limebeba projekta, jenereta, vipaza sauti na sahani za santuri. Ulikuwa mradi wa kutengeneza picha na kuwaonyesha Waafrika, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wasimamizi wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Lori lilizunguka Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda. Picha zenyewe zilikuwa bubu; maelezo yalirekodiwa kwenye sahani, na sahani ikachezwa sambamba na picha. Miaka michache baadaye, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali za kikoloni zilipoanza kutuma magari yao ya sinema vijijini, sahani peke yake hazikufaa tena. Alihitajika mkalimani wa kusimama kando ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, aeleze kinachoonekana kwa lugha ya waliokuja kutazama.

Majina ya wakubwa wa mradi yamehifadhiwa vitabuni. La mkalimani halionekani. Mimi namhesabu kuwa mhakiki wetu wa kwanza wa filamu, na nataka kumfuata toka huko hadi leo, kwa sababu bila yeye hatuwezi kuielewa historia ya majarida yetu madogo na jinsi yalivyoandika juu ya picha, nyimbo na hadithi za mtaani.

Naandika haya nikiwa Ewuaso Kedong, magharibi mwa Kajiado, ambako barabara itokayo Ngong hupita Kona Baridi, ikateremka bondeni na kuelekea Suswa. Kazi yangu ni kuandikia majarida yasiyo na tajiri nyuma yake. Naandika juu ya kazi ambazo wasomi huzipita bila kugeuka, ilhali zina wapenzi wa kufa na kuzikana: picha za ngumi, riwaya za upelelezi, vichekesho vya runinga, nyimbo zilizopigwa msimu mmoja zikaimbwa miaka ishirini. Wageni hushangaa kuwa kazi hiyo inafanyika huku. Mimi niliijifunza huku huku, nyuma ya hoteli ya mama yangu, kabla umeme haujafika.

Yeyo, yaani mama, alikuwa na chumba cha mabati kilichokaa bure, na mjomba akaingiza humo runinga ya Great Wall, deki ya kaseti na mbao za kukalia. Jenereta aliliweka nje, mbali kidogo, ili lisishindane na sauti ya picha, lakini lilishindana tu. Kaseti zilitoka River Road, Nairobi. Waliolipa kiingilio walikuwa wachungaji waliotoka kuuza mbuzi, madereva wa malori ya mchanga, na wanafunzi waliodanganya kwao kwamba wanakwenda kusoma. Picha zilikuwa za Kiingereza, au za Kichina zenye maandishi ya Kiingereza chini, na wengi chumbani hawakuweza kuyafuata. Mjomba alijua nina Kiingereza cha darasani, akaniketisha kando ya runinga. "Entito," akasema, yaani binti, "tuambie wanasema nini."

Nilianza kwa kutafsiri neno kwa neno, wakaninyamazisha. Walichotaka ni kujua mbona stelingi amemwacha adui aondoke, yule mwanamke ni mke wa nani, na kama kweli mtu anaweza kupigwa teke lile akainuka. Siku moja tulionyesha picha ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Mzee mmoja aliitazama kwa makini hadi katikati, kisha akauliza ng'ombe wote wale wanakunywa maji wapi, maana tangu picha ianze hajaona mto wala kisima. Watu wote wakanigeukia mimi. Nikasema mwenye picha hakuwahi kufuga. Walicheka, lakini mzee hakucheka; alitikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akilishuku. Sijapata kusoma uhakiki mkali kuliko ule juu ya picha za aina hiyo, na mwenye uhakiki hakuwa mimi.

Wakoloni walikuwa na nadharia yao kuhusu watazamaji wa namna ya mzee huyo. William Sellers, aliyeongoza Colonial Film Unit, kitengo cha serikali ya Uingereza cha filamu za makoloni, tangu kilipoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha ya mbinu nyingi: kisa kiwe rahisi, mambo yaende polepole, kamera isirukeruke. Kitengo chake kilikuwa na jarida, Colonial Cinema, lililotoka kati ya 1942 na 1954. Lakini mwanabiolojia Julian Huxley alikuwa amekwisha kuonyesha picha Afrika Mashariki mwaka 1929, akaona kwamba watu wanazifuata bila taabu. Nadharia ya Sellers ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa ilikuwa na gari, bajeti na jarida. Colonial Cinema liliandika sana juu ya watazamaji wetu, lakini halikuwaandikia wao.

Mijini watu hawakusubiri gari la serikali. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza jinsi wakazi wa Zanzibar na Dar es Salaam walivyojaza majumba ya sinema katika miaka ya 1950 na 1960, na jinsi Awaara ya Raj Kapoor, iliyotengenezwa mwaka 1951, ilivyowagusa watu ambao wengi wao hawakujua Kihindi. Picha ilikwisha usiku, mjadala ukaendelea barazani: mapenzi na utiifu kwa wazazi, kosa ni la mtoto au la malezi. Waliokwenda waliwasimulia ambao hawakwenda. Kila baraza lilikuwa na msimulizi wake, na kwa ambaye hakwenda, msimulizi huyo ndiye aliyekuwa sinema.

Kisha yakaja magazeti ya picha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Drum ya Jim Bailey ilitoa African Film, hadithi zilizosimuliwa kwa picha za kamera, fremu baada ya fremu. Stelingi wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia, tai ya kipepeo na ndevu za kidevuni, mpenda wiski na magari ya kasi. Picha zilipigwa kusini mwa Afrika, gazeti likasomwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Huko Dar, Faraji Katalambulla, ambaye riwaya yake Simu ya Kifo ilikuwa imetoka mwaka 1965, akaanzisha Film Tanzania: gazeti la aina hiyo hiyo, lakini kwa Kiswahili, na nyuso na mitaa ya kwao. Hakuhitaji kuandika makala ya kumsema Spearman, maana kila toleo lake lilimjibu.

Nina nakala chache za Spearman, nilizonunua kwa wauza vitabu vya mitumba Nairobi. Wenyewe wa kwanza waliziandika pambizoni kwa kalamu ya wino: "uongo", "hapa angekufa", "huyu ni kama bosi wangu". Nayathamini maneno hayo kuliko picha zenyewe. Hakuna aliyewalipa wasomaji hao, wala hawakudhani kuna mtu atakayewasoma.

Wakati huo huo palikuwa na majarida ya wasomi. Rajat Neogy alianzisha Transition mjini Kampala mwaka 1961, na hakuna jarida la Afrika Mashariki lililopata kusomwa mbali kama hilo. Mwaka 1967 lilichapisha insha ya Paul Theroux, aliyekuwa akifundisha Makerere, ambayo ilimchukua Tarzan wa vitabu na sinema na kumtumia kuwachambua wazungu waliohamia huku kula raha. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa kumfanya Tarzan mada ya jarida lililozoea kujadili katiba na ushairi. Lakini Theroux aliwaandikia wageni kuhusu wageni. Watu waliomtazama Tarzan kutoka viti vya bei rahisi, wakamshangilia au wakamzomea, hawakuulizwa.

Transition lilionja pia ubaya wa fedha na wa dola. Ilibainika kwamba Congress for Cultural Freedom, shirika lililokuwa likilisaidia, lilipokea fedha za CIA. Mwaka 1968 serikali ya Obote ikamkamata Neogy na kumfunga, na baada ya kuachiwa akalihamishia jarida Ghana. Tangu hapo kila mwanzilishi wa jarida la kujitegemea huku kwetu anajua maswali mawili yanayomsubiri: nani anakulipia, na nani atakufungia.

Jarida lililokaribia zaidi mtu wa kawaida lilikuwa Joe. Hilary Ng'weno, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, na mchoraji Terry Hirst walilianzisha Nairobi mwaka 1973. Joe mwenyewe alikuwa mhusika wa kubuni, mtu wa mjini anayecheka ili asilie. Humo mlikuwa na hadithi fupi na katuni. Halikujiita jarida la uhakiki, lakini lilichukulia maisha ya baa, basi na kodi ya nyumba kuwa mambo ya kufaa kuandikwa vizuri. Halikufika miaka ya 1980.

Miaka hiyo hiyo mwandishi David Maillu alikuwa akijichapishia vitabu vyake kupitia Comb Books. My Dear Bottle na After 4:30, hadithi za ulevi na za maofisa na makarani wao wa kike, ziliuzwa kama maandazi. Tanzania ilipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976. Chuo Kikuu cha Nairobi nako, mhakiki Chris Wanjala hakuficha kuwa aliona fasihi ya aina hiyo ni ya kushusha hadhi. Namheshimu Wanjala, kwa sababu angalau alizisoma na kuzisema hadharani. Wengine walinyamaza. Mwandishi Taban lo Liyong alikuwa ameshalalamika mwaka 1965 kwamba Afrika Mashariki ni kame kifasihi. Miaka kumi baadaye watu walisoma Maillu ndani ya matatu, na bado katika baadhi ya kumbi za mihadhara iliendelea kusemwa kwamba watu wetu hawasomi.

Na runinga? Vitimbi na Vioja Mahakamani viliingia nyumbani mwetu kwa miongo. Benson Wanjau, tuliyemjua kama Mzee Ojwang', aliweza kuchekesha kwa kuvuta tu neno moja. Alipofariki mwaka 2015 magazeti yaliandika habari za maradhi yake na umaskini wa waigizaji. Nilitafuta makala iliyoeleza jinsi alivyochekesha: alivyongoja kabla ya kujibu, alivyotumia Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kujenga mtu mzima mwenye fahari na woga wake. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki, na kuhusu mtu aliyetazamwa na taifa zima, iliachwa karibu bila kufanywa.

Mkalimani wa kando ya picha hakuwa amekufa. Miaka ya 1990 vibanda vya video vilipoenea, alizaliwa upya. Kampala walimwita VJ. Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizipa picha za nje sauti ya Kiswahili na kuziuza kwenye kaseti. Kenya akaja DJ Afro, ambaye salamu yake ya "amigos" inajulikana na watoto wasiojua jina lake halisi. Nilikuwa chuoni diski za namna hiyo zilipofika Ewuaso. Niliporudi likizo nilikuta chumba kimejaa, na kiti changu kando ya runinga kimewekewa spika.

Nilisikiliza kama mtu wa kazi ile. Mtafsiri wa aina hii hatafsiri. Anampa adui jina la kijiji jirani, anakisia bei ya gari lililolipuliwa, anamuonya stelingi kabla hajafungua mlango. Picha ikidorora, anasema imedorora, au anaijaza kwa kisa chake. Mtengenezaji akikosea, anamcheka, nasi tunacheka pamoja naye, na bado tunaipenda picha. Huo ni uhakiki kamili: una maelezo, una hukumu, na una mapenzi. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Kaseti ikichakaa, hoja zake nazo zinakwisha.

Uganda waliipeleka kazi hiyo mbele zaidi. Isaac Nabwana, wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex?, picha ya mapigano ya fedha kidogo sana, mwaka 2010. Nakala iliyojulikana duniani ina sauti ya VJ Emmie, anayepiga kelele, anayesifu na kutania tangu mwanzo hadi mwisho. Wapenzi wa picha za ajabu kutoka Marekani hadi Japani waliipokea kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Mwaka 2019 picha nyingine ya Nabwana, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, katika kipengele cha usiku wa manane. Waandishi wa nje walimwona Emmie kama kichekesho cha ziada. Mtu yeyote aliyekulia kwenye kibanda cha mabati angewaambia kwamba picha bila mtafsiri ndiyo iliyopungukiwa.

Kwa upande wa maandishi, mabadiliko yalianza Nairobi mwaka 2003, mwandishi Binyavanga Wainaina na wenzake walipotoa toleo la kwanza la jarida la Kwani?. Toleo hilo lilikuwa na "Weight of Whispers" ya Yvonne Adhiambo Owuor, hadithi iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka huo huo. Lakini mimi nilivutiwa na mengine: Sheng iliyochapishwa bila kuombewa radhi, katuni, na hip-hop ya Nairobi ikisomwa kama fasihi. Baadaye likaja Jalada, kundi lililoanza 2013 na ambalo mwaka 2016 lilitoa hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika lugha zaidi ya thelathini. Enkare Review likatokea na kutoweka. Majarida haya ndiyo yaliyotufanya wengine tuamini kwamba makala kuhusu wimbo wa matatu inaweza kuhaririwa kwa uangalifu ule ule wa shairi.

Makala yangu ya kwanza ya maana ilihusu wimbo "Mi Mmasai" wa Mr Ebbo, yaani Abel Loshilaa Motika wa Tanzania, aliyefariki mwaka 2011. Bondeni huku wimbo ule ulipigwa hadi ukachosha, na haukuchosha. Nilizunguka nikiuliza watu. Vijana walisema Ebbo amewatoa aibu. Mzee mmoja alisema mtu huyo anatucheka kwa lafudhi yetu wenyewe. Mama muuza maziwa akamjibu papo hapo: anawacheka wanaotucheka, wewe sikiliza anavyoanza. Niliyaandika yote. Mhariri wa jarida ambalo sitalitaja akayafuta, akabakiza aya zangu za uchambuzi na kuniongezea jina la mwanafalsafa wa Kifaransa. Makala ilisifiwa. Kila nikiisoma naona mahali mama yule alipokuwa.

Nalieleza hilo kwa kuwa Kedong ina sababu yake ya kuwa na shaka na wasimulizi. Novemba 1895 msafara wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu ulikuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ukipitia bonde hili. Ulizozana na Wamaasai, na mamia ya wapagazi wakauawa. Mfanyabiashara Mskoti, Andrew Dick, akatoka kulipiza kisasi, akaua Wamaasai wengi kwa bunduki hadi mkuki ulipompata. Serikali ilipochunguza iliona kwamba msafara ndio uliochokoza, kwa mambo ya wasichana na ng'ombe. Hata hivyo, kwenye vitabu vya wasafiri kisa kiliendelea kuitwa mauaji ya Kedong, na uchokozi ukapewa mstari mmoja au usipewe kabisa. Aliyekuwa na kalamu kando ya tukio ndiye aliyeamua lilikuwa tukio la namna gani.

Basi mimi nimejiwekea kanuni. Nikiandika juu ya picha, nataja ilionyeshwa wapi, kiingilio kilikuwa kiasi gani, na nani aliyeitafsiri. Nikiandika juu ya wimbo, nataja ulipigiwa wapi na waliokuwepo walisema nini, hata walichosema kikinipinga. Nikiandika juu ya riwaya ya Ben Mtobwa au Elvis Musiba, naangalia kwanza pambizo za nakala niliyoikuta. Majarida yetu hayaishi sana: moja huuawa na dola, lingine na mfadhili aliyebadilisha nia, lingine na wahariri waliopata watoto. Ufupi wa maisha yao haunisumbui. Kinachonisumbua ni jarida linaloishi miaka kumi na kuondoka bila kutuachia jina la mtafsiri hata mmoja.

Vijana wanaoanzisha majarida sasa huniuliza waanze na nini. Nawaambia waache kwanza kuniomba makala mimi. Waende kwa waliokalia kile kiti kando ya runinga, huko Gikomba, Kariakoo, Kisenyi na vijiji vya barabarani kama hiki, wawalipe muda wao, wawarekodi, na wawaandike kwa majina yao. Mkalimani wa 1942 hatutampata tena. Hawa wangali hai, na namba zao za simu zinapatikana.